ADC inakupa volti za ajabu? Anza na Vref, halafu uliza unapima kati ya wapi na wapi

#1 · Mleta mada

Wakuu, habari za kazi. Maswali ya aina moja yamekuwa mengi sana: "Arduino inasoma betri 12.7 wakati multimita inasema 12.0", "ampea zinacheza zenyewe", "nimenunua ADC ya biti 16 lakini sioni tofauti na ile ya biti 10". Wengi wanajibiwa wabadili bodi, au wachukue wastani wa vipimo mia. Inaniuma kuona vijana wanamaliza hela kwenye chipu mpya wakati tatizo liko sehemu mbili ambazo hakuna msimbo unaoweza kuzitibu peke yake. Tuzichambue hapa kwa kituo.

Kwanza, ADC, yaani sehemu inayogeuza volti kuwa namba, haijui volti. Inachofanya ni kugawa tu: inachukua volti iliyopo kwenye pini, inagawa kwa volti ya kulinganishia, yaani Vref, halafu inakupa jibu kama namba nzima. Kwenye ATmega328P, chipu ya Arduino Uno, namba hiyo ni 0 hadi 1023. Ukiandika `* 5.0 / 1024` kwenye programu, umeshaamua kwamba Vref ni volti 5.00 kamili, mchana na usiku. Umeipima?

Chukua betri ya sola ya 12 V. Umeweka rezista ya kilo-ohm 30 juu na ya 10 chini, kwa hiyo pini inapata robo. Betri ikiwa 12.0, pini ina volti 3.00. Bodi inalishwa kwa USB ya chaja ya simu, na ukigusa mita kwenye pini ya 5V unakuta 4.72, kwa sababu waya wa USB ni mwembamba na kwenye bodi yenyewe kuna fyuzi inayokula kidogo. ADC inagawa 3.00 kwa 4.72, inakupa 650. Programu inazidisha kwa 5, inagawa kwa 1024, inazidisha kwa 4, inaandika 12.70. Sasa betri ya asidi iliyopumzika ikiwa na 12.0 imeshashuka vibaya, na ikiwa na 12.7 imejaa. Skrini inasema imejaa, mwenye nyumba anaendelea kuwasha TV na friji, betri inakufa kabla ya wakati wake. Kwa mtu aliyejibana akanunua mfumo mdogo wa sola, hiyo ni hasara kubwa mno kwa kosa la namba moja kwenye programu.

Angalia pia mwelekeo: umeme wa bodi ukishuka, kipimo kinapanda. Ndiyo maana mwenye SIM800L, ile moduli ya laini ya simu, kwenye umeme mmoja na Arduino anaona volti za betri zinaruka juu kila inapotuma SMS. Moduli ile huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo mafupi, 5V inazama, hesabu inaharibika, na betri haikufanya lolote.

Kwenye chipu hii una njia tatu. Ya kwanza ni AVCC, yaani umeme wa bodi yenyewe, ambayo ndiyo inayotumika usipochagua kitu. Ya pili ni Vref ya ndani ya 1.1 V, unaiita kwa `analogReference(INTERNAL)`. Datashiti inasema inaweza kuangukia popote kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo chipu mbili za boksi moja zinaweza kupishana sana, ila ya kwako haitayumba pamoja na USB. Ipime mara moja kwenye AREF, ambayo ndiyo pini ya Vref, andika thamani halisi kwenye programu ya bodi hiyo, na ubadilishe rezista ili pini isipate zaidi ya volti 1.

Ya tatu ndiyo ninayoitaka kwa betri: Vref ya nje. LM4040, chipu ndogo inayoshikilia volti moja isiyoyumba, ile ya 4.096 V inatosha kabisa, na ile ya daraja A haizidi asilimia 0.1 ya makosa. Hiyo 4.096 ina sababu yake. Ukiigawa kwa 1024, kila hatua ni milivolti 4 kamili. Kwa ADC ya biti 12, ni milivolti 1. Weka rezista ya kilo-ohm 1 kutoka 5V kwenda AREF, LM4040 kutoka AREF kwenda graundi, na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba nayo. Kwa 5V ya kweli rezista inapitisha kama 0.9 mA, na hata ikishuka hadi 4.6 inabaki 0.5 mA. AREF yenyewe ina karibu kilo-ohm 32 kwa ndani, inavuta 0.13 mA, kwa hiyo LM4040 bado inabaki na mkondo wa kutosha.

Onyo, tafadhali lisomeni mara mbili: `analogReference(EXTERNAL)` ije kabla ya `analogRead` ya kwanza. Ukisoma kabla yake, chipu inaunganisha AVCC na AREF kwa ndani huku nje kuna volti nyingine, na hapo unaweza kuiua. Na kila ukibadili Vref, vipimo vya mwanzo tupa.

Sehemu ya pili, ya kupima tofauti kati ya pini mbili, nitaileta tukimalizana na hii.

#2 · Mchangiaji

Mkuu, somo zuri, ila naona unawatisha watu. Mimi napima kwa mita, napata uwiano, naweka kizidishi kwenye programu. 12.0 gawa kwa 12.7, ni 0.945, kazi imeisha. Kwa nini mtu anunue LM4040?

#3 · Mleta mada

Mkuu, kizidishi kinatibu Vref iliyokosewa lakini isiyobadilika. Kwa hiyo kwa ile ya ndani ya 1.1 V uko sahihi, na nimeshauri hivyo hivyo. Kwa 5V ya USB hakifanyi kazi, maana leo chaja ni hii, kesho nyingine, na taa ya skrini ikiwaka inashuka tena. Ni fundi cherehani aliyepewa futi ya mpira: ukimwambia apunguze nchi moja kila nguo, atapatia zile tu alizopima futi ikiwa imevutika kiasi kile kile.

Jaribio ni jepesi. Weka kizidishi chako, halafu washa na uzime rilei huku unaangalia kipimo cha betri. Kikihama, kizidishi hakijatibu kitu.

#4 · Mchangiaji

Na sisi wa ESP32? Nina bodi mbili, programu ile ile, waya zile zile, zinapishana karibu asilimia 8.

#5 · Mleta mada

Hiyo ni kawaida kwa ESP32 ile ya mwanzo. Vref yake ya ndani inatajwa kuwa milivolti 1100, lakini kati ya chipu na chipu ni 1000 hadi 1200. Kiwandani huipima na kuiandika kwenye eFuse, kumbukumbu ya kudumu ya chipu, kwa hiyo acha `analogRead` na hesabu za mkono, tumia `analogReadMilliVolts`, yenyewe inasoma marekebisho hayo. Na kama unatumia Wi-Fi, hamia pini za ADC1, kwa sababu ADC2 inagombana nayo.

#6 · Mchangiaji, Morogoro

Kaka mleta mada, shikamoo na hongera kwa kutufungua macho. Mimi nina swali la ampea. Nina shanti (rezista ndogo sana ya kupimia mkondo) ya 100 A / 75 mV kwenye waya hasi wa betri, ADS1115 (ADC ya nje ya biti 16), waya mmoja kutoka shanti kwenda A0, graundi ya ADS1115 iko kwenye nguzo hasi ya betri. Kati ya betri na shanti kuna waya wa milimita mraba 2.5, urefu kama mita moja. Mita ya kubana inasema ampea 10, ya kwangu inasema 102. Halafu namba zinaruka kwa robo robo ya ampea. Nimeibadilisha ADS1115, mpya inasema vile vile.

#7 · Mleta mada

Marahaba dada, karibu. Umeniletea mfano ambao ningeutafuta nisiupate, maana namba zako zote zinaelezeka.

Shanti yako ni milivolti 75 kwa ampea 100, yaani miliohm 0.75. Kwa ampea 10 inatoa milivolti 7.5. Waya wa shaba wa 2.5 una karibu miliohm 6.9 kwa kila mita. Ampea 10 zikipita humo, unapata milivolti 69. Kwa kuwa A0 inapimwa dhidi ya graundi, na graundi umeiweka kwenye nguzo ya betri, ADC inaona waya na shanti kwa pamoja: 69 na 7.5 ni 76.5. Gawa kwa 0.75, unapata ampea 102. ADS1115 yako nzima kabisa, ilipima sawasawa kile ulichoiunganisha nacho.

Hapa ndipo kupima tofauti kunapoingia. Angalia shanti yako vizuri: ina boliti mbili kubwa za mkondo, na kwa ndani yake skrubu mbili ndogo. Zile ndogo ndizo za kupimia. Toa waya mwembamba kutoka kila skrubu ndogo, zisokote pamoja hadi kwenye ADS1115, ya upande wa mzigo iende A0, ya upande wa betri iende A1. Kisha tumia `readADC_Differential_0_1()`. Chipu itatoa A1 kwenye A0, na ile milivolti 69 inayozipata pini zote mbili sawasawa inajifuta.

Robo ampea nayo ina chanzo chake. ADS1115 ina Vref yake ndani, hulishi chochote kutoka nje. Unachochagua ni upana wa kipimo. Maktaba ya Adafruit huanza na ±6.144 V, ambapo kila hatua ni mikrovolti 187.5. Gawa kwa miliohm 0.75, ni ampea 0.25 hasa. Weka `GAIN_SIXTEEN`, upana unakuwa ±0.256 V, hatua inashuka hadi mikrovolti 7.8125, sawa na ampea 0.0104. Milivolti 75 zinaingia humo bila shida. Waliolalamika kwamba biti 16 hazina faida, mara nyingi wameacha upana wa ±6.144 wanapima kitu cha milivolti.

#8 · Mchangiaji

Naomba nidandie hapo hapo. Upana wa ±6.144 maana yake naweza kuingiza volti 6 kwenye pini?

#9 · Mleta mada

Hapana, na hili limeua chipu nyingi. Upana ule ni wa hesabu tu. Pini haitakiwi kuzidi VDD, yaani umeme unaoilisha chipu, kwa zaidi ya 0.3 V, wala kushuka chini ya graundi kwa zaidi ya 0.3 V. Ukiilisha 3.3 V, mwisho ni 3.6. Na sheria hii inahusu kila pini dhidi ya graundi, hata kama unapima tofauti. Ndiyo maana shanti iliyo kwenye waya chanya wa betri ya 12 V haiunganishwi na ADS1115 kamwe. Tofauti ni milivolti chache tu, lakini kila pini imebeba volti 12.

Kwa waya chanya tumia INA226, chipu ya kupimia mkondo: inavumilia hadi 36 V, inapima ±81.92 mV, hatua mikrovolti 2.5, kwa hiyo shanti ya milivolti 75 inaikaa vizuri. INA219 ni ya watu wa 12 V. Mfumo wa 24 V ukichaji unafika 28.8 na INA219 mwisho wake ni 26. Wa 48 V, hata INA226 isiguswe.

#10 · Mchangiaji, Morogoro

Kaka, nimefuata kila kitu. Ampea 10 sasa zinasoma 10.1, nimefurahi sana. Ila jua likitoka na betri ikianza kuchaji, napata 65480 badala ya namba ndogo.

#11 · Mleta mada

Hiyo ni namba hasi uliyoihifadhi kwenye chombo kisichojua hasi. Toa 65536, unapata −56. Mara mikrovolti 7.8125 ni kama milivolti −0.44, yaani ampea −0.58: betri inapokea zaidi ya nusu ampea. Pale ulipoandika `uint16_t` weka `int16_t`.

Jambo moja la kweli nikuambie mapema: wakati wa kuchaji, pini zako zote mbili zinakuwa chini kidogo ya graundi. Kwa milivolti hizo chipu haiungui, lakini datashiti inataka pini ziwe kati ya GND na VDD ndipo kipimo kiaminike. Kama utakuwa unajumlisha ampea zinazoingia na kutoka siku nzima, hamishia shanti kwenye waya chanya na uweke INA226. Kwa kuangalia tu kama paneli inachaji, ulichonacho kinatosha.

#12 · Mchangiaji

Wakuu, mimi natengeneza mizani ya kupimia magunia, load cell (sensa ya uzito) na HX711 (ADC yake). Baada ya kusoma post #1 nataka kuagiza Vref ya nje. Ipi inafaa?

#13 · Mleta mada

Usiagize, okoa hela yako. Hapa hali inageuka kabisa, na nafurahi umeuliza kabla ya kununua.

Load cell ya 2 mV/V ikilishwa 5 V hutoa milivolti 10 kwa uzito wake wa mwisho. Umeme ukishuka hadi 4.8, inatoa 9.6 kwa uzito ule ule. Lakini HX711 inatumia umeme huo huo, AVDD, kama Vref. Kinachogawanywa kimeshuka asilimia 4, na kinachogawa nacho kimeshuka asilimia 4. Jibu linabaki pale pale. Ukiweka Vref imara upande mmoja na kuacha load cell inayumba na USB, utakuwa umeiharibu mizani iliyokuwa nzima. Kwa geini ya 128 HX711 inapokea karibu ±20 mV, kwa hiyo milivolti 10 ziko salama.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua Vref, jiulize: ninachopima kinalishwa na umeme huo huo wa Vref? Load cell, potenshometa, thermista yenye rezista kutoka 5V, vyote jibu ni ndiyo, basi viache na AVCC. Betri, paneli, sensa yenye volti zake yenyewe, jibu ni hapana, hapo ndipo LM4040 inapolipa. Ukiwa na vyote kwenye bodi moja, lisha thermista kutoka kwenye Vref yenyewe ukipitia op-amp, au peleka betri kwenye ADS1115 na thermista ibaki kwenye Uno.

#14 · Mchangiaji, Nairobi

Mimi niko upande wa Linux. Raspberry Pi, MCP3208 (ADC ya nje ya biti 12), draiva ya kernel, nasoma faili za IIO (mfumo wa Linux wa kusoma ADC na sensa). Vref nimeweka LM4040 ya 3.0 V, lakini 1.50 V inasomeka kama 1.65. Kosa ni la draiva?

#15 · Mchangiaji, Dodoma

Mleta mada naomba nimjibu mwenzetu huyu, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Draiva haina kosa. Draiva za IIO hutoa faili mbili, raw na scale. Ukizizidisha unapata milivolti. Scale ya MCP3208 ni Vref gawa kwa 4096, na Vref draiva inaijua kutoka kwa regulator (chanzo cha volti) iliyotajwa kwenye devicetree (faili inayoieleza kernel vifaa vilivyopo), sehemu ya `vref-supply`. Hakuna anayeipima. Regulator ya kudumu hujibu kile kilichoandikwa kwenye `regulator-min-microvolt`. Ya kwako bila shaka bado inasema 3300000. Hesabu: 1.50 kwa Vref ya 3.0 ni nusu, raw 2048. Scale ya 3.3 V ni 0.80566. Zidisha, 1650. Tengeneza nodi ya regulator ya 3000000, ielekeze `vref-supply` huko, itanyooka bila kugusa programu yako.

Kwenye ADS1115 hutaona `vref-supply`, kwa sababu Vref yake iko ndani. Scale hapo inafuata upana uliochagua, na kwa ±2.048 ni 0.0625.

Na msije mkadanganyika na majina ya faili. MCP3208 pia inaonyesha `in_voltage0-voltage1_raw`, ukadhani inapima tofauti kama ADS1115. Pini yake hasi inaruhusiwa kutembea milivolti 100 tu juu au chini ya graundi, na pini hasi ikizidi chanya inakupa sifuri, haikupi namba hasi. Kwa shanti ya kuchaji na kutumia, utaona ampea za kutumia tu na kuchaji kote kutakuwa sifuri. Mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu akilaumu paneli.

#16 · Mleta mada

Mkuu wa Dodoma, asante sana, hilo la sifuri sikuwa nimeligusa na lina uzito.

#17 · Mchangiaji, Morogoro

Swali la mwisho kaka. Kwa volti za betri nimeweka rezista za kilo-ohm 300 na 100 ili nisipoteze umeme, kwenye Uno. Vref sasa ni LM4040, lakini kipimo bado kinacheza nikisoma pini kadhaa mfululizo.

#18 · Mleta mada

Uwiano ni ule ule, ila ADC inaona chanzo cha kilo-ohm 75, wakati ATmega328P inataka 10 au pungufu. Ndani kuna kapasita ndogo inayojazwa kila ikihamia pini nyingine, na kwa rezista zako haijai kwa wakati, inabeba mabaki ya pini iliyotangulia. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka pini kwenda graundi, na uipe milisekunde 50 kati ya kipimo na kipimo. Volti za betri hazibadiliki haraka, hutapoteza kitu. Ukirudi, tuandikie mita inasoma ngapi kwenye AREF na ngapi kwenye pini yenyewe, siyo kwenye betri, ndipo tutajua kama kuna kingine.